Makontena milioni mbili ya Kilindini: nani hasa alilipa?

Mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Bandari Kenya (KPA) ilitangaza kwamba Mombasa, kupitia bandari yake ya Kilindini, ilihudumia makontena milioni 2 katika mwaka wa 2024, kutoka milioni 1.62 mwaka uliotangulia. Shehena yote kwa jumla, ukichanganya makontena, mafuta, ngano, klinka (malighafi ya saruji), vyuma na magari, ilifika tani milioni 41. Ni rekodi, na waliokesha gatini wanastahili pongezi. Lakini mimi kazi yangu ni hesabu za mizigo, na swali nililoulizwa na wateja kila kona lilikuwa moja: kazi ikiongezeka kwa karibu robo, mapato nayo huongezeka robo?

La. Hesabu ya mizigo na hesabu ya pesa ni daftari mbili tofauti, na hata kalenda zake hazilingani. Takwimu za shehena hutolewa Januari hadi Desemba. Vitabu vya fedha vya KPA, kama vya mashirika mengi ya serikali ya Kenya, huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Mwaka 2024 umekatwa katikati: nusu yake imo katika 2023/24, nusu nyingine katika 2024/25. Kila mara namwona mtu amechukua mapato ya mwaka wa fedha akayagawanya kwa tani za mwaka wa kalenda, kisha akatoa hukumu kali mitandaoni. Hukumu ile haina miguu.

Tuanze na hayo makontena yenyewe. Milioni mbili si masanduku milioni mbili. Kipimo ni kontena la futi 20, kwa hiyo sanduku moja la futi 40 huandikwa mara mbili. Humo pia yamo makontena matupu. Kenya na majirani zake huagiza kuliko wanavyouza: nguo, vipuri, mashine na vyombo vya nyumbani vinaingia kwa wingi, na kinachotoka ni chai, kahawa, maparachichi na vitu vichache vingine. Hata chai ya Uganda, Rwanda na Burundi inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa haitoshi kujaza masanduku yote yaliyoingia. Yaliyobaki hurudi Asia yakiwa na hewa tupu. Winchi inayainua vilevile na takwimu inayahesabu vilevile, ila hakuna mwenye mzigo wa kutozwa ada.

Halafu kuna kundi ambalo ndilo lililoinua sana hesabu ya 2024: makontena ya kubadilisha meli. Sanduku linateremshwa Mombasa kutoka meli kubwa, linakaa uwanjani, kisha linapakiwa kwenye meli ndogo kwenda bandari nyingine ya ukanda huu au visiwani. Halipiti langoni, halioni lori wala reli, wala mtu wa forodha halifungui. Na kwa kuwa limeinuliwa mara mbili, linaandikwa mara mbili, likishuka na likipanda.

Kwa nini yaliongezeka ghafla? Mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, yalizifukuza kampuni kubwa za meli kutoka njia ya Suez. Meli zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, na ratiba zote za Bahari ya Hindi zikapangwa upya. Mombasa ikajikuta mahali pazuri pa kumwaga masanduku ya watu wengine. Makontena ya aina hii yaliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 2023 na 2024, na ukiyatoa kwenye hesabu, ukuaji uliobaki ni wa kawaida tu. Bandari nyingi duniani hutoza mizigo hii bei nafuu na kuipa siku nyingi za bure uwanjani, kwa sababu mwenye meli anaweza kuihamishia Salalah, bandari ya Omani, au kwingineko msimu ujao bila kumuaga mtu.

Sasa pesa. Meli ikitia nanga nje ya Mombasa, bili imeshaanza. Rubani wa bandari huipanda kwa ngazi ya kamba, maana hakuna nahodha mgeni anayeruhusiwa kuingia mwenyewe. Tagi, yaani boti za kuvuta meli, zinaishika, inapita Ras Serani na kuingia mlango wa Kilindini, na pale Likoni feri husubiri hadi ipite. Watu waliosimama kwenye feri asubuhi wakilalamika kwamba wanachelewa kazini wanatazama mapato ya bandari yakipita mbele ya macho yao: ada ya bandari, ya rubani, ya tagi, ya kufunga kamba, na ya kukaa gatini. Nyingi ya hizi hupigwa kwa ukubwa wa meli, iwe imejaa au ina masanduku mawili tu. Ndiyo sababu kina cha maji ni suala la fedha. Mlango ulipochimbwa hadi mita 15, na gati mpya za Kipevu zilipofunguliwa mwaka 2016, zilianza kuja meli ndefu zaidi, na kila moja ilikuja na bili nene zaidi.

Hizo za meli ni kundi la kwanza la ada. Kundi la pili ni ada za kushusha na kupakia, ambazo hutozwa kampuni ya meli. Nayo haizimezi; humrudishia mwenye mzigo ndani ya bili yake. La tatu ni ada za nchi kavu, anazolipa mwenye mzigo moja kwa moja kupitia wakala wake wa forodha: ada ya gati, ada ya kuhudumia kontena, na ada ya kuhifadhi. Hii ya mwisho ndiyo ninayoitaka msomaji aikazie macho.

Bandari hukupa siku chache za bure. Mzigo wa Kenya hupewa siku chache, mzigo wa nchi jirani huongezewa kwa sababu ya umbali. Zikiisha, saa inaanza kugonga, na kadiri siku zinavyozidi ndivyo kiwango cha kila siku kinavyopanda. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Chukua kontena la futi 40 la vipuri vya magari. Karatasi za forodha zimekwama kwa sababu thamani iliyoandikwa imetiliwa shaka. Mwenye mzigo anadhani anadaiwa na mtu mmoja, kumbe ni watatu. Bandari inadai uhifadhi kwa sababu sanduku limekalia uwanja wake. Kampuni ya meli inadai dimareji, yaani ada ya kuchelewesha kontena, kwa sababu sanduku lenyewe ni mali yake na inalihitaji. Na Mamlaka ya Ushuru inadai kodi, pamoja na ile tozo ya kujenga reli iliyoanzishwa mwaka 2013. Pesa hizi tatu haziingii mfuko mmoja. Mwanasiasa akisimama jukwaani akasema "bandari imekusanya mabilioni", muulize ni mabilioni ya nani. Kodi zinazokusanywa Kilindini haziingii kabisa kwenye vitabu vya KPA.

Ada ya kuhifadhi ina ubaya wake. Bandari ikifanya kazi vizuri, mizigo inatoka mapema na mapato haya yanashuka. Bandari ikisongamana, yanapanda. Kwa hiyo unaweza kuona mwaka wenye mapato mazuri ilhali uwanja ulikuwa umefunga na malori yamepanga foleni hadi Changamwe. Mapato ya aina hiyo ni kama uzito wa mtu aliyevimba miguu. Nikiletewa hesabu za mwaka, hutafuta kwanza mstari wa uhifadhi, nikaulinganisha na wa mwaka uliopita. Ukikuta umeruka ilhali mizigo haikuruka, kuna mahali pamekwama: mfumo wa forodha, uhaba wa mabehewa, au agizo la serikali.

Maagizo yametuandama kweli. Mwaka 2019 iliamriwa mizigo yote ya bara ipande reli ya kisasa na kutolewa Nairobi, na Mombasa ikaandamana kwa sababu yadi, malori na mawakala walikosa kazi. Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akarudisha utoaji wa mizigo Mombasa. Kila agizo kama hilo linahamisha mapato ya uhifadhi kutoka uwanja mmoja hadi mwingine katikati ya mwaka wa fedha. Na nyuma ya pazia upo mkataba wa 2014 baina ya bandari na Shirika la Reli, unaoifunga KPA kuipelekea reli kiasi fulani cha mizigo, la sivyo ilipe pengo. Mkaguzi Mkuu wa Serikali aliwahi kutahadharisha juu ya dhamana zilizomo katika mikopo ya reli. Serikali ikakana kwamba bandari imewekwa rehani. Mimi nasema hivi: rehani au si rehani, ahadi ya kupeleka mzigo ambao si wako ni deni, na mahali pa deni ni kwenye maelezo ya hesabu.

Upande wa matumizi nitapita haraka, ila kwa mambo mawili. Mishahara ndiyo mzigo mkubwa, na haipungui meli zikipungua. Mvua ya masika ikishuka na hachi (milango ya matumbo) za meli ya ngano zikafungwa, zamu inalipwa vilevile. Jambo la pili ni kwamba KPA si Kilindini peke yake. Kituo kipya cha mafuta cha Kipevu, kilichozinduliwa 2022 kwa takriban shilingi bilioni 40, ilikijenga kwa fedha zake yenyewe, nacho kinahudumia meli nne za mafuta kwa wakati mmoja. Hicho naamini kitajilipa, kwa sababu mafuta ya Kenya na ya majirani hayana budi kushuka mahali. Bandari ya Lamu, iliyopokea meli yake ya kwanza Mei 2021, ilikaa miaka ikiwa na gati tatu za kupendeza na meli za kuhesabika. Feri za Likoni nazo sasa ziko chini ya KPA, na anayevuka kwa miguu halipi hata senti. Sipingi feri ya bure; mimi mwenyewe navuka. Ila anayeilipia ni mwenye kontena, awe Nakuru au Kampala, na hajaambiwa.

Kampala hapa si mfano wa kupita. Mizigo ya nchi jirani ilizidi tani milioni 13 mwaka 2024, na takriban theluthi mbili yake ni ya Uganda. Ndiyo mizigo yenye macho mawili, moja likitazama Mombasa na jingine Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Kigali anajumlisha yote: ada ya bandari, lori, siku za kungoja, rushwa za njiani kama zipo, na anachagua. Kupandisha ada Mombasa kwa asilimia chache kunaweza kuleta hasara kwa njia hii, na ndiyo maana vitabu vya ada hapa hukaa miaka mingi bila kuguswa.

Linalobaki ni sarafu, na hapa ndipo hata wahasibu hujikwaa. Ada za bandari zimeandikwa kwa dola. Mishahara inalipwa kwa shilingi. Mkopo uliojenga gati za kwanza za kituo kipya cha makontena, zile za Kipevu za 2016, yeni bilioni 26.7 uliosainiwa na Japani mwaka 2007, unalipwa kwa yeni. Sarafu tatu, kila moja na hali yake. Kati ya Julai 2022 na Juni 2023 dola ilipanda kutoka kama shilingi 118 hadi 140. Bandari isiyoongeza hata sanduku moja ingeonyesha mapato ya shilingi yaliyokua kwa karibu asilimia 19. Januari 2024 dola ikapita 160, kisha kufikia Aprili ikashuka hadi karibu 130, ndani ya mwaka uleule wa fedha. Yeni nayo, iliyokuwa chini ya 80 kwa dola mwaka 2012, ilikuwa karibu 160 katikati ya 2024, na deni likasinyaa bila mtu kulipa.

Kwa hiyo nikitaka kujua kama bandari imefanya kazi, nayarudisha mapato kwenye dola, natoa ada ya uhifadhi, natoa na faida au hasara ya sarafu. Upande wa pili natoa makontena matupu na yale ya kubadilisha meli, nabaki na yaliyojaa yanayoingia na kutoka kwa lango. Nagawanya. Kwa mwaka wa 2024/25 kazi hii ni nyepesi kidogo, kwa sababu shilingi ilikaa karibu 129 kwa dola mwaka mzima: ongezeko lolote la mapato utakaloliona humo limetoka gatini, si benki.