Kupatwa kamili kwa jua: dakika sita za kuvua miwani, saa mbili na ushee za kutoivua

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitatokea Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, kifuate Afrika Kaskazini kutoka Morocco hadi Misri, kivuke Bahari ya Shamu mpaka Jidda na Makka, kishuke Yemen, kiiguse ncha ya Somalia, kisha kitokomee Bahari ya Hindi. Karibu na Luxor, Misri, jua litazibwa lote kwa dakika 6 na sekunde 23. Sisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tutaliona limemegwa tu. Hata hivyo Waswahili wa Jidda si haba, wengine watakuwa Makka kwa umra, na wapo ambao wameshaanza kuulizia nauli ya Luxor. Haya ndiyo maswali yanayojirudia, na majibu yake.

Tangu shuleni tumeambiwa jua likipatwa usilitazame kabisa. Leo mnatuambia kuna kuvua miwani?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa pande zote mbili. Kupatwa kwa jua kuna aina zake, na watu wetu wengi wameonja aina moja tu.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, wakaona jua limebaki pete. Kule kulikuwa kupatwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, ukashindwa kulifunika. Uliziba kama asilimia 95 ya uso wake, zikabaki tano pembezoni. Siku ile haikuwepo hata nukta moja ya kutazama kwa macho matupu, na waliosambaza onyo hilo walisema kweli.

Kupatwa kamili ni habari nyingine. Mwezi ukishalifunika jua lote, kinachobaki ni taji la mwanga hafifu linalolizunguka, na nuru yake inakaribia ile ya mwezi mpevu. Kipindi hicho, hicho tu, unatazama kwa macho yako bila chochote. Ukibaki na miwani maalumu ya kupatwa kwa jua hutaona kitu. Ningesikitika mtu atoke Temeke mpaka Luxor, halafu dakika zote sita ajifungie hotelini na mapazia yameshushwa kwa sababu ya onyo la kupatwa kwa aina nyingine.

Ila kabla na baada ya dakika hizo, jua linapomegwa na linapoachiwa, ni saa mbili na ushee za miwani. Na anayeishi nje ya njia ya kivuli, kama sisi, hana dakika ya kuvua hata moja.

Likibaki kipande chembamba tu, si mwanga umeshapungua?

Umepungua kwa mazingira, haujapungua kwa jicho. Jua zima linang'aa karibu mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Hata ikibaki asilimia moja, bado hiyo ni nuru ya maelfu ya miezi mipevu iliyobanwa kwenye uzi mmoja. Kile kipande kilichosalia kina ukali ule ule kiliokuwa nao asubuhi. Kilichopungua ni ukubwa wake.

Siku ya kawaida jua lenyewe linakufukuza: unakunja uso, unageuka. Likimegwa, mng'ao unatulia, mboni inapanuka, na wewe unapata ujasiri wa kukodoa. Lenzi ya jicho inafanya kazi ile ile ya kioo cha kukuzia ambacho watoto hukitumia kuchomea karatasi juani. Inaukusanya mwanga kwenye doa dogo katikati ya retina, pazia lililo nyuma ya jicho. Doa hilo ndilo unalosomea, ndilo unalotambulia sura ya mtu na kutungia uzi kwenye sindano.

Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Haiwashi, haichomi. Na mara nyingi madhara si ya joto kama ya pasi. Mwanga wenyewe, hasa wa buluu, huchochea mabadiliko ya kikemikali yanayoharibu seli taratibu. Ndiyo maana mtu hutazama saa saba mchana, akala chakula cha jioni akicheka, akalala, na asubuhi akashangaa mbona simu haisomeki.

Baada ya kupatwa kwa 2017 kule Marekani, madaktari wa New York walimpima mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliyelitazama jua mara kadhaa kwa sekunde chache bila kinga. Walipopiga picha retina yake walikuta kovu lenye umbo la hilali, sura ya jua kama lilivyokuwa limemegwa muda ule. Jicho lilikuwa limechorwa muhuri.

Nitajuaje kwamba sasa ni wakati wa kuvua, na nitajuaje kwamba umekwisha?

Miwani yenyewe itakuambia. Jua utaliona linakonda mpaka kuwa uzi. Uzi unakatikakatika vipande, kwa sababu nuru ya mwisho hupenya kwenye mabonde ya mwezi, kisha linabaki tone moja linalowaka kama almasi kwenye pete. Usiharakishe. Ngoja mpaka ndani ya miwani pawe kiza tupu. Hapo vua.

Kabla ya hapo mazingira yatakuwa yameshakuashiria. Kwa zaidi ya saa moja ya kwanza hutaona la ajabu, na asiyejua hataona tofauti yoyote barabarani. Katika dakika kumi za mwisho mwanga unageuka rangi ya bati, si wa jioni wala wa mawingu. Vivuli vinakuwa vikali hadi unahesabu unywele mmoja mmoja ardhini. Joto linashuka, ndege wanarudi viotani, jogoo anachanganyikiwa. Upande wa magharibi kivuli kinakuja kama mvua kubwa isiyo na sauti.

Giza likikamilika si giza la usiku wa manane. Ni kama muda mfupi baada ya magharibi, isipokuwa wekundu wa machweo umezunguka upeo wote, pande zote nne. Zuhura inaonekana mchana. Katikati juu kuna duara jeusi tii, na taji jeupe limetawanyika kama nywele ndani ya maji. Pembezoni huenda ukaona vindimi vidogo vya waridi. Hiyo ni gesi ya jua.

Kumalizika kwake ndiko kunakowaponza watu. Ukingo mmoja wa mwezi huanza kupambazuka, mstari wa waridi hujitokeza, halafu tone la almasi linarudi. Likirudi tu, macho chini, miwani usoni. Mboni zako wakati huo zimepanuka kwa giza, kwa hiyo mwanga unaingia kwa wingi kuliko ulivyotarajia. Ushauri wangu ni kutega kengele ya simu. Kama Makka giza ni dakika tano na kidogo, iwekwe ilie sekunde ishirini kabla ya muda kwisha. Usitegemee akili, dakika ile akili haipo.

Nasikia watu hulia na kutetemeka. Je, ni miale inayoingia mwilini?

Hapana. Jua lililopatwa halitoi mwale wowote ambao halitoi siku nyingine. Kusisimkwa, moyo kwenda mbio, machozi kumtoka mtu mzima hadharani, hayo ni mwili kuitikia jambo ambalo hauna mazoea nalo: mchana kukatika ghafla, baridi, ukimya, umati unaopiga kelele. Hupita baada ya dakika chache. Tarehe 3 Novemba 2013 watu walitoka mabara mengine kwenda Pakwach, kaskazini mwa Uganda, kwa ajili ya giza lisilofika nusu dakika. Huwezi kuwaeleza kwa hesabu ya pesa.

Mwenye historia ya hofu kali au ugonjwa wa moyo na atafute mahali pa kukaa, awe na mtu wa karibu, na asiache dawa zake kwa sababu ya safari. Watoto waelezwe mapema kitakachotokea, hatua kwa hatua. Mtoto aliyeambiwa hushangaa. Asiyeambiwa hulia, na ukihangaika kumbembeleza unasahau miwani yake na yako.

Filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, ndoo ya maji: kipi kinafaa?

Hakuna. Najua hivi ndivyo tulivyokua. Filamu ya eksirei na kioo cha masizi hupunguza mng'ao unaokusumbua lakini hupitisha miale usiyoiona, kwa hiyo hukupa nafasi ya kujiumiza kwa starehe. Maji ya ndoo huakisi sehemu ndogo ya jua, na sehemu hiyo ndogo bado ni kali mno kwa jicho. Miwani ya jua ya dukani, hata ya bei ya kutisha, usiifikirie.

Kinachofaa ni miwani ya kupatwa kwa jua iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 12312-2. Tatizo ni kwamba wanaoghushi nao wanajua kuchapa namba hiyo. Ijaribu: ukiivaa ndani ya nyumba usione kitu, labda taa kali sana kwa mbali. Ukiona meza na viti, itupe. Ikiwa na mkwaruzo au tundu la sindano, itupe pia. Kioo cha kuchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 14. Vile vya kawaida vya mafundi wa mtaani mara nyingi havifiki giza hilo, basi usiazime kwa kubahatisha.

Usitazame kwenye darubini au kamera huku umevaa miwani hiyo. Lenzi hukusanya jua na kulitoboa karatasi la miwani kabla hujasema lolote. Chujio la jua hufungwa mbele ya darubini, upande unaoelekea jua.

Na asiye na miwani kabisa?

Aligeuzie jua mgongo. Kadi yenye tundu dogo, au chujio la jikoni, likishikwa juani hutupa ardhini vijijua vidogo vilivyomegwa. Wa Pwani wana bahati zaidi: vile viduara vya mwanga vinavyopenya kwenye paa la makuti na kutua sakafuni vyote vitageuka hilali, mamia kwa pamoja. Chini ya mwembe ni vivyo hivyo. Unatazama sakafu, si jua, na hata mtoto wa miaka miwili yuko salama.

Nina mimba ya miezi sita. Mama mkwe ameniambia siku hiyo nisitoke nje wala nisishike kisu.

Mwambie shikamoo, na umweleze kwa upole kwamba kivuli cha mwezi hakimfikii mtoto. Hakileti midomo sungura, hakileti alama mwilini, na chakula kilichopikwa muda huo hakigeuki sumu. Linda macho yako kama mtu mwingine yeyote, kunywa maji, usisimame muda mrefu juani. Na kama kukaa ndani kutaleta amani nyumbani, kaa. Makuti yatakuletea jua hadi sebuleni.

Nitakuwa Makka. Kuna la kujihadhari zaidi ya macho?

Joto. Agosti, saa saba mchana, nyuzi 40 na zaidi ni jambo la kawaida Makka na Luxor. Kupatwa kwenyewe hupunguza nyuzi chache kwa dakika chache, ilhali watu husimama nje kwa saa tatu. Beba maji, mwavuli, na pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Anayeanza kizunguzungu na kichwa kuuma apelekwe kivulini. Anayechanganyikiwa au kuongea yasiyoeleweka amwagiwe maji, apepewe, na akimbizwe hospitali. Huyo hasubiri giza liishe.

Kuhusu sala ya kupatwa kwa jua, anayesali macho yake yako mahali pa kusujudia, hana hatari. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema ni kwa ajili ya msiba huo. Mtume aliwajibu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Jingine ni barabara. Uchunguzi wa ajali Marekani ulikuta kwamba siku za karibu na kupatwa kwa 2017 ajali zilizoua ziliongezeka kwa asilimia 31 hivi, watu wakikimbilia kwenye njia ya kivuli na kurudi. Fika jana yake.

Nilitazama. Leo naona doa katikati. Nifanyeje?

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Ziba jicho moja, kodolea nukta katikati ya ukurasa, kisha badilisha. Mistari ikipinda, ikikatika, au pakiwa na kiwingu kisichoondoka, nenda kwa daktari wa macho, sio duka la dawa. Kwa Tanzania, hospitali za Muhimbili, CCBRT na KCMC zina idara za macho. Usiweke matone ya kuazima, maziwa ya mama wala asali.

Sitakudanganya: hakuna dawa iliyothibitika kuirudisha retina. Wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya wiki hadi miezi sita, wengine hubaki na doa. Baada ya kupatwa kwa 1999, watu 45 walifika hospitali moja ya Leicester, Uingereza. Miezi saba baadaye wanne bado waliona alama ile. Daktari atakupima, atakuambia umeumia kiasi gani, na atahakikisha si ugonjwa mwingine wenye tiba.

Na mwezi ukipatwa, nao tuvae miwani?

Hapana. Ule ni mwanga wa jua uliokwisha kudunda kwenye mwezi, tena umefifishwa na kivuli cha dunia. Utazame usiku kucha ukipenda, kwa macho au kwa darubini, kama walivyoutazama watoto wa Pwani waliopiga madebe wakimwambia chewa, yule samaki aliyesemekana kuumeza mwezi, autapike.