Swali la kumi: uchunguzi wa sonona ya uzazi ni nini?

Mtoto wa wiki 6 ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi, chanjo inachomwa pajani. "Na wewe mama, hujambo?" "Sijambo." Haya, aingie mwingine.

Sonona ya uzazi ni ugonjwa wa huzuni nzito unaompata mama mjamzito au aliyejifungua. Kuichunguza ni kulifanya hilo "hujambo" liwe swali la kweli. Mhudumu humwuliza mama maswali yaliyopangwa badala ya kumtazama usoni na kukisia. Dodoso linalotumika sana ni Kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa Scotland mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3. Kimeshafasiriwa kwa Kiswahili. Jumla ikifika 10 au 13, kutegemea mahali, mama huchunguzwa zaidi. Alama peke yake haithibitishi kwamba mtu ni mgonjwa.

Wala si kila chozi ni sonona, au unyogovu kama wengine wanavyoita. Kulialia siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua kunawapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Sonona hukaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Lugha nayo ina mitego. Sijawahi kusikia mama akiingia kliniki na kusema "nina sonona". Atasema ana mawazo, kichwa kinauma, usingizi hauji hata mtoto akilala, maziwa yamekauka. Mhudumu asiyefundwa humpa panadoli na kumwambia ajikaze.

Swali linalowashinda wengi ni la 10, linalouliza kama wazo la kujidhuru limemjia. Nimeona watu wakilisoma harakaharaka, macho kwenye karatasi, au wakilijibu wenyewe: "Hili halikuhusu, eti?" Wanaogopa kumtia wazo kichwani. Utafiti hauonyeshi hivyo. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumsukumi kufanya hivyo, na wengi huona wametuliwa mzigo. Mama naye ana hofu zake: atanyang'anywa mtoto, mkwe atasikia, ataitwa polisi. Hofu ya polisi haikuwa ya bure: Kenya, jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu hicho Januari 2025.

Kwa hiyo mafunzo ya mhudumu hayaishii kwenye kujumlisha alama. Anajifunza kumtoa mama mkwe nje kwa adabu, kufunga mlango, kuuliza kisha kunyamaza. Jibu lolote la swali la 10 lisilokuwa "haijatokea kamwe" linadai mazungumzo siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa 4. Je, ana mpango? Yuko na nani nyumbani? Nani aviweke mbali vitu vya hatari? Mwenye mpango haachwi peke yake hata dakika moja. Anasindikizwa hadi kwa daktari. Vivyo hivyo kwa anayesikia sauti au kuongea mambo yasiyoeleweka: hiyo ni dharura.

Asiye na hatari ya papo hapo hurudi nyumbani na mtu anayemwamini, na tarehe yake huandikwa kwenye kadi ileile ya mtoto. Chanjo inayofuata ni wiki ya 10. Yeye anaandikiwa keshokutwa.