"Peruse": dhana potofu kuhusu kitenzi cha Kiingereza rasmi

Dhana: "peruse" ni kupitia maandishi juujuu.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na kwetu wasemaji wa Kiswahili chanzo chake kiko karibu. Tunalo neno kuperuzi, lililotokana na kitenzi hichohicho, na tunalitumia kwa mtu anayefungua ukurasa huu na ule mtandaoni, au anayefunuafunua gazeti akitafuta habari ya kumvutia. Katika Kiswahili matumizi hayo hayana kasoro. Tatizo huanza tunapoyarudisha kwenye Kiingereza rasmi tukidhani maana ni ileile.

Wakili akikuandikia "please peruse the attached contract", hakuombi uutupie mkataba jicho. Anataka uusome kifungu kwa kifungu, na ukishatia saini atakuhesabu kuwa umeusoma hivyo. Wanasheria hawalichukulii neno hili kijuujuu: katika majedwali ya gharama za kesi ya mahakama za Australia, kusoma hati kwa makini, "perusing", hutenganishwa na kuipitia haraka, "scanning". Anayeuchukua ule mwaliko wa wakili kama ruhusa ya kuruka kurasa anaweza kujifunga kwa masharti ambayo hakuyaona.

Dhana: basi kila anayelitumia kwa maana ya kupitia haraka amekosea.

Hapa nao walinzi wa lugha huvuka mpaka. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alianza kukifasiri kitenzi hiki kwa kusema ni kusoma, basi, bila kueleza kama ni kwa makini au kwa haraka. Kamusi ya Merriam-Webster ya siku hizi inaziorodhesha maana zote: kuchunguza kwa undani, kupitia kijuujuu, na kusoma tu. Kwa hiyo mtu anayesema dukani kwamba anaangaliaangalia vitabu kwa "perusing" hastahili kukemewa. Kinachoamua ni mahali neno lilipo. Kwenye mkataba, barua ya ofisi au hati ya mahakama, mimi ningelisoma daima kwa maana ya umakini, kwa sababu huko ndiko kosa lina gharama.

Dhana: hutumika kuhusu kusoma maandishi tu.

Shakespeare angeshangaa. Katika tamthilia yake Hamlet, mfalme Claudius anampangia Laertes njama ya kumuua Hamlet kwenye mchezo wa panga. Anamhakikishia kwamba Hamlet, kwa kuwa ni mtu asiye na hila, hata-"peruse" panga hizo, yaani hatazikagua, na Laertes ataweza kujichagulia lenye ncha kali. Uhai wa mtu unategemea ukaguzi ambao hautafanyika. Sijui mfano unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa neno hili. Katika Romeo and Juliet, Romeo anamuua mtu gizani makaburini, kisha anasema "let me peruse this face", na kwa kuutazama uso ule anamtambua Paris. Leo, hata hivyo, matumizi haya ya uso na panga yana harufu ya kale, na maandishi ndiyo mahali pake pa kawaida.

Kuhusu asili, wapo wanaodhani ndani yake mna neno la kale la kusoma. Hamna. Ni "use", kutumia, likitanguliwa na "per-", kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kabisa au mpaka mwisho. Katika karne ya 15 lilimaanisha kutumia kitu mpaka kiishe au kichakae. Na kisarufi hubeba shamirisho moja kwa moja: "peruse the report". Kuongeza "through" katikati ni kosa linalojirudia sana.

Dhana: "for your perusal" huipa barua heshima.

Huipa urefu, na pia utata. Msomaji mmoja ataelewa kwamba ametakiwa kusoma kila mstari, mwingine kwamba akipata nafasi atazame. Heshima kubwa kwa msomaji ni kumwambia unachotaka: "please read carefully" kama unataka umakini, au "for your information" kama hutarajii jibu. Na kama jambo liko katika kifungu kimoja tu, kitaje kwa namba yake, pamoja na tarehe unayohitaji jibu.