Ruzuku ya utafiti wa uuguzi wa kijeshi: maana yake na inavyofanya kazi

Ruzuku ya utafiti wa uuguzi wa kijeshi ni fedha anazopewa muuguzi wa jeshi, kupitia taasisi, ili atafute jibu la swali moja la kiuuguzi kwa muda uliowekwa na kwa mpango uliopitishwa na jopo la wahakiki. Si mkopo, kwa hiyo hairudishwi. Si zawadi pia: kila senti ina kazi iliyoandikwa kwenye bajeti, na mwishoni kuna ripoti inayodaiwa.

Ruzuku ya aina hii imekomaa zaidi Marekani. Huko Bunge lilitenga dola milioni 1 katika mwaka wa fedha wa 1992 kwa ajili ya utafiti wa wauguzi wa jeshi la nchi kavu, la majini na la anga. Mpango uliozaliwa hapo unaitwa TriService Nursing Research Program, na wengi huutaja kwa herufi TSNRP. Makao yake ni Uniformed Services University, chuo kikuu cha afya cha majeshi, huko Bethesda, Maryland. Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, aliyepoteza mkono wa kulia vitani Italia mwaka 1945, alikuwa mtetezi wake mkubwa. Sheria ya 1996 iliupa mpango msingi wa kudumu na kueleza utafiti wa uuguzi wa kijeshi unahusu nini: namna wauguzi wa majeshi wanavyotoa huduma, wakati wa amani na wakati wa vita. Sheria hiyo inataja waziwazi madhara yanayofuata majeraha ya vita, madhara ya kumsafirisha mgonjwa, mafunzo ya wauguzi, na afya ya wanawake.

Kwa nini jeshi lihitaji fungu lake, wakati hospitali za kiraia zimejaa watafiti? Jibu liko ndani ya ndege ya kubebea majeruhi. Hewa ya ndani ya ndege hiyo ikiwa sawa na ya kimo cha futi 8,000, shinikizo lake linashuka kutoka milimita 760 za zebaki hadi 564 hivi. Hewa iliyofungiwa mahali inatanuka karibu mara 1.35. Sasa mfikirie majeruhi mwenye mrija wa kupumulia kooni. Puto linaloshikilia mrija huo hujazwa hewa hadi shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji. Ndege ikipaa, puto linavimba na kukandamiza ukuta wa koo hadi damu isipite vizuri. Ikishuka, na kama kuna aliyepunguza hewa angani, puto linalegea na mate yanapenya kwenda mapafuni. Muuguzi wa wodi ya kawaida hakutani na tatizo hili kabisa. Mgonjwa huyohuyo amelala juu ya machela ngumu, injini zinanguruma kiasi kwamba stethoskopu haisaidii, na kumgeuza kila baada ya saa mbili ni shida. Maswali ya namna hii ni nadra kupata mfadhili wa kiraia, na ndiyo maana fungu hili lipo.

Hapa panakuja tofauti inayowachanganya waombaji wengi, nayo inastahili kuelezwa taratibu. Chini ya jina hilohilo la ruzuku kuna kazi za aina mbili: utafiti, na mradi wa uuguzi unaozingatia ushahidi.

Utafiti huzalisha ujuzi ambao haukuwepo. Ukiuliza kama kujaza puto maji ya chumvi badala ya hewa kunapunguza madhara kooni, na ushahidi uliopo hautoshi, hilo ni swali la utafiti. Utahitaji vikundi vya kulinganisha, hesabu ya idadi ya washiriki, na kibali cha kamati ya maadili. Mradi wa ushahidi huanzia mahali pengine: ujuzi tayari upo, ila wodini haufuatwi. Ikiwa inajulikana kwamba shinikizo la puto lipimwe kwa kifaa badala ya kubonyezwa kwa vidole, na kikosi chako bado kinabonyeza kwa vidole, huhitaji kuthibitisha upya. Kazi yako ni kubadili mazoea na kupima kama yamebadilika.

Wauguzi wengi hutumia mfumo wa Iowa, uliochapishwa mwaka 1994 na kuhuishwa mwaka 2017. Unaanza na kichokoo, yaani tatizo au ujuzi mpya. Unauliza kama jambo hilo ni kipaumbele cha taasisi, unaunda timu, unakusanya na kupima ushahidi, unajaribu mabadiliko mahali padogo, kisha unaamua kama yaenezwe. Swali lenyewe huandikwa kwa vipande vinne: mgonjwa gani, hatua gani, ukilinganisha na nini, matokeo yapi. Kwa mfano: kwa majeruhi wenye mrija wa kupumulia wanaosafirishwa kwa ndege, je, kupima shinikizo la puto kwa kifaa kabla ya kupaa, kwenye kimo cha safari na baada ya kutua, ukilinganisha na kulikadiria kwa vidole, kunaongeza idadi ya vipimo vinavyobaki kati ya 20 na 30?

Kosa linaloua miradi ya ushahidi ni kusahau hali ya mwanzo. Timu inatoa mafunzo mwezi wa kwanza kwa ari kubwa, inapima mwezi wa nne, inapata asilimia nzuri, kisha inagundua kwamba haina namba ya kabla ya mafunzo. Huwezi kudai umepiga hatua kama hujui ulipoanzia. Kusanya takwimu za mwanzo kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba kuna mabadiliko yanakuja.

Kwa upande wa utafiti, kosa kubwa liko kwenye idadi ya washiriki. Chukua vikundi viwili, tofauti ya ukubwa wa kati (nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika), nguvu ya kitakwimu asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo kweli) na kiwango cha kosa 0.05 (uwezekano wa kudai tofauti isiyokuwepo): unahitaji watu 64 kila kikundi, jumla 128. Jeshini watu huhamishwa na kupelekwa operesheni katikati ya utafiti. Ukitarajia kupoteza asilimia 20, gawanya 128 kwa 0.8, unapaswa kuandikisha 160. Anayeandika 128 kwenye andiko lake la kuomba ruzuku na kuishia hapo ameshapanga kushindwa, na wahakiki wanaliona hilo upesi.

Fedha zenyewe kwa kawaida haziingii mkononi mwa muuguzi. Hupokelewa na kusimamiwa na taasisi, mara nyingi wakfu usio wa faida kama Henry M. Jackson Foundation au Geneva Foundation. Wakfu huajiri msaidizi wa utafiti, hununua vifaa, hulipa mtaalamu wa takwimu na kutunza hesabu, na huongeza gharama zake za uendeshaji, ambazo lazima zionekane kwenye bajeti. Mshahara wa mwanajeshi haulipwi humo, kwa sababu serikali tayari inamlipa. Kinachosahaulika ni muda wake: kamanda anapaswa kukubali kwa maandishi kwamba mtafiti atapata saa za kufanya kazi hiyo. Barua ya kamanda inayosifia mradi bila kutaja saa haina uzito.

Maadili ya utafiti yana ukali wa pekee jeshini, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa askari amefundishwa kutii. Kanuni za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zinawakataza wakubwa kushawishi walio chini yao washiriki, na viongozi wa kikosi hawatakiwi kuwepo wakati askari wao wanaandikishwa. Mtumishi wa serikali aliye kazini hawezi kulipwa kwa kushiriki, isipokuwa kwa kutolewa damu, na hapo kikomo ni dola 50 kwa kila utoaji. Kuna pia kifungu cha 980 cha sheria za majeshi: fedha za wizara hazitumiki kwa majaribio juu ya binadamu bila ridhaa ya kabla. Kama mshiriki hawezi kutoa ridhaa, mwakilishi wake wa kisheria ndiye huitoa, na utafiti lazima ukusudie kumnufaisha mshiriki mwenyewe. Kwa anayetaka kuchunguza majeruhi waliopoteza fahamu, kifungu hiki kinabadili muundo wote wa utafiti, kwa hiyo kisomwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mradi wa ushahidi nao haujiamulii kwamba hauhitaji kibali. Uamuzi huo hutolewa kwa maandishi na ofisi ya ulinzi wa washiriki, kabla takwimu hazijakusanywa. Muuguzi aliyekusanya kwanza na kuuliza baadaye anaweza kuzuiwa kuzitumia.

Halafu kuna uhamisho. Mtafiti mkuu akihamishiwa kituo kingine mwaka wa pili, kibali cha kituo cha zamani hakimfuati, mikataba ya kushirikiana takwimu inapaswa kuandikwa upya, na washiriki wanabaki nyuma. Andiko zuri humtaja tangu mwanzo mtafiti mwenza anayebaki kituoni, aliyekwisha pata mafunzo ya maadili na ambaye jina lake tayari limo kwenye kibali, ili siku ya uhamisho ibaki kazi ya kubadili nafasi tu. Mara nyingi mtu anayefaa ni mtumishi wa kiraia wa hospitali hiyohiyo, kwa kuwa yeye hahamishwi kwa amri.