Je, wajua kwa nini tembo wa vichwa vitatu alitoweka kwenye noti za Laos?

Ukibahatika kushika noti ya Laos ya miaka ya 60, enzi za ufalme, usiishie kwenye sura ya Mfalme Savang Vatthana, iinue kwenye mwanga. Ndani ya karatasi anatokea tembo mwenye vichwa vitatu. Huyo ndo alikuwa nembo ya ufalme, hata kwenye bendera yao nyekundu alikuwepo, mweupe pee, kasimama juu ya ngazi tano na mwavuli wa kifalme juu yake.

Sasa kwa nini vichwa vitatu? Asili yake ni India, kwa Wahindu ndo kipando cha mungu Indra, Walao wanamwita Erawan. Ila wao wakamwongezea maana ya kwao. Dola yao ya Lan Xang aliyoianzisha Fa Ngum mwaka 1353, iliyojiita nchi ya tembo milioni, ilikuja kumeguka ikawa falme tatu, Luang Prabang, Vientiane na Champasak, kwa hiyo kila kichwa kikasimama badala ya ufalme mmoja na mwili ukabaki mmoja, yaani nchi moja.

Tarehe 2 Desemba 1975 ufalme ukafutwa, wakomunisti wakashika nchi. Noti zao za 1979 ukiziinua kwenye mwanga unakuta nyota, nyundo na mundu. Mfalme hayupo, kuna wananchi kazini: kwenye noti ya kip 20 (kip ndo fedha ya Laos) wanajeshi na kifaru cha vita, kwenye kip 50 watu wanapanda mpunga.

Lakini tembo hawakumtupa, na hapa ndo mimi napapenda kuliko kote. Geuza ile ya kip 5 uangalie nyuma: tembo wa kawaida kabisa, kichwa kimoja kimoja, wanavuta magogo msituni. Ni kazi ambayo tembo wa Laos walikuwa wanaifanya kweli, miaka na miaka. Mimi naona serikali mpya ilimchukua mnyama yuleyule wa mfalme ikamfanya mfanyakazi kama wananchi wengine, na mtu wa kijijini alimwelewa bila kufundishwa.

Mwaka 1991 nyundo na mundu navyo vikatolewa kwenye nembo ya taifa, ikawekwa Pha That Luang, stupa, yaani mnara mtakatifu, ya dhahabu ya Wabudha pale Vientiane. Na aliyeijenga, karne ya 16, ni mfalme, Setthathirat.