Mashirika ya ndege yakiungana, safari za mbali huwaje?

Msafiri wa Kisumu anayekwenda London huruka kwanza hadi Nairobi, kisha hupanda ndege kubwa pale JKIA. Wapangaji wa safari za anga huiita Nairobi kitovu. Kisumu ni tawi lake. Mashirika mawili yanapoungana, magazeti huuliza jina lipi litabaki. Wapangaji huuliza vitovu vingapi vitabaki.

Muungano maana yake ni mmiliki mmoja na mfuko mmoja. Kununua hisa ni jambo jingine. KLM, shirika la Uholanzi, ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, na kwa miaka mingi walishirikiana katika njia za Ulaya hadi mkataba huo ulipovunjwa 2021, lakini kila shirika lilibaki na ndege zake na wakuu wake. Air France na KLM, kwa upande mwingine, ziliungana kweli mwaka 2004.

Chukua sacco mbili za Kisumu–Nakuru ambazo matatu zao huondoka saa mbili asubuhi, kila moja ikiwa nusu tupu (tuseme huondoka kwa saa, hata kama kila mtu anajua matatu huondoka ikijaa). Zikiwa chini ya meneja mmoja, atatuma moja saa mbili na nyingine saa nne, au atatoa moja kubwa na kuiuza ile ya pili. Katika safari za ndege za masafa marefu hesabu ni hiyo hiyo, ila kila kosa hugharimu mamilioni ya dola. Upande wa faida, njia ambayo hakuna shirika lililoweza kuijaza peke yake inaweza kuanza kulipa, kwa kuwa abiria wa matawi ya pande zote mbili sasa wanakusanywa kwenye ndege moja.

Wanaoumia ni watu wa kitovu cha ziada. Delta na Northwest za Marekani ziliungana mwaka 2008. Northwest ilikuwa na kitovu Memphis, lakini Delta tayari ilikuwa na Atlanta, ambayo haiko mbali. Ndege ya moja kwa moja ya Memphis–Amsterdam ilifutwa 2012, na mwaka uliofuata Memphis ikaacha kuwa kitovu. Paris, kitovu cha Air France, na Amsterdam, kitovu cha KLM, ziko karibu pia, ila Uholanzi ilidai ahadi za kulinda Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kabla ya kukubali muungano, na hadi leo vitovu vyote viwili vipo. Kwa maoni yangu, hapo siasa ilizidi hesabu.

Ndege zenyewe ndizo kazi ya polepole zaidi. Rubani wa Boeing 747 haruhusiwi tu kuhamia Airbus A330. Lazima asomee aina hiyo na apimwe. Kila aina inahitaji vipuri vyake na mafundi wake, hivyo shirika lililoungana hupunguza aina kidogo kidogo. Delta ilirithi 747 za Northwest na kuzistaafisha 2017. Ilirithi pia oda ya Boeing 787 kumi na nane, ikaiahirisha, kisha ikaifuta mwaka 2016, baada ya kuchagua Airbus A350. Kitovu cha Narita, Japani, nacho kilikuja na Northwest. Delta iliondoka hapo 2020. Ndege mpya za injini mbili ziliweza kuvuka Pasifiki na kufika miji mingi ya Asia bila kubadilishia abiria Narita.

Mara nyingine mkono wa wasimamizi wa ushindani ndio unaopanga njia. Ili Korean Air iruhusiwe kuichukua Asiana, shirika jingine la Korea Kusini, Umoja wa Ulaya ulitaka mshindani apewe njia za Paris, Roma, Barcelona na Frankfurt. Aliyezipata, T'way, alikuwa shirika la bei nafuu lisilo na uzoefu wa Ulaya, kwa hiyo Korean Air ikalazimika kumkodishia na ndege za A330 za kuzirukia.