Berkeley ya kusimuliwa na Berkeley ya kutembelea

Nimeshawatembeza wageni kadhaa Berkeley, mji wa chuo kikuu ulio ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, wengi wao ndugu na marafiki kutoka Dar na Mombasa. Karibu wote hufika na hadithi zilezile kichwani: mahipi, bangi, maandamano, watu wa usawa. Nyingine zina chembe ya ukweli. Nyingine hazina hata chembe.

"Chuoni huingii bila ruhusa." Hii inatokana na mazoea ya nyumbani, ambako chuo kikuu kina geti, geti lina mlinzi, na mlinzi ana daftari. Mgeni wangu mmoja alisimama kabisa mbele ya Sather Gate na kutoa pasipoti, akimtafuta wa kumkabidhi. Hakuna. Unapita tu. Kitambulisho huhitajika kwenye baadhi ya maktaba, maabara na mabweni, lakini viwanja na njia ni vya kila mtu. Mnara wa saa, wenye urefu wa mita zipatazo 94, una lifti, na mgeni hulipa kiingilio kidogo kupanda. Wanaopanda wengi hawajui kwamba ghorofa za katikati ya mnara huo ni stoo ya mifupa ya kale ya wanyama.

"Maandamano ya Berkeley yalianza na vita vya Vietnam." Hapa hata Wamarekani wenyewe hukosea. Chanzo kilikuwa meza. Mwezi Septemba 1964 uongozi wa chuo uliwapiga marufuku wanafunzi kuweka meza za kuchangisha fedha na kutafuta wanachama wa harakati za kisiasa karibu na mlango wa chuo, na meza zilizouma zaidi ni zile za haki za Wamarekani weusi. Baadhi ya wanafunzi walikuwa ndiyo kwanza wametoka Mississippi, walikokwenda kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Mmoja wao alikuwa Mario Savio, aliyekuja kuwa msemaji wao mkuu.

Tarehe 1 Oktoba polisi walimkamata mwanaharakati Jack Weinberg akiwa kwenye meza, wakamwingiza garini. Wanafunzi wakaketi chini kulizunguka gari. Likanasa hapo kwa saa kama 32, Weinberg akiwa ndani, huku wazungumzaji wakipanda juu ya paa kwa zamu. Savio alivua viatu kwanza ili asiliharibu gari la polisi. Mwezi Desemba wakakamatwa karibu watu 800 waliokuwa wameketi ndani ya Sproul Hall, jengo la utawala la chuo. Majeshi ya nchi kavu ya Marekani yaliteremka Vietnam Machi 1965, baada ya yote hayo.

Kwa hiyo mgeni anayedhani chuo ndicho kilichowafundisha vijana uhuru wa kusema anapindua habari. Chuo ndicho kilichokuwa kikiwazuia. Leo ngazi za Sproul zinaitwa kwa jina la Savio, na maktabani kuna mkahawa wenye jina la harakati ile, Free Speech Movement, yaani harakati ya uhuru wa kusema. Unaagiza kahawa kwa jina la watu waliokamatwa si mbali na hapo. Katika miaka ya 1980 wanafunzi walirudi Sproul kudai chuo kiuze hisa za kampuni zilizokuwa zikifanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu, na mwaka 1986 bodi ya chuo ikakubali.

"Ni mji wa amani." Mpaka uulizie jengo la Gilman Hall. Mwaka 1941, katika chumba namba 307, mkemia Glenn Seaborg na wenzake walithibitisha kwamba wamepata plutoniamu, elementi iliyotumika katika bomu la Nagasaki. Wapiga kura wa mji huohuo wakapitisha sheria mwaka 1986 ya kuutangaza kuwa eneo lisilotaka silaha za nyuklia. Yote mawili ni Berkeley. Na washindi wa Nobel hapo chuoni hupewa nafasi maalumu ya kuegesha gari, zawadi ambayo ukishatafuta maegesho mjini siku ya kazi hutaicheka.

"Kwa kuwa ni wapenda maendeleo, basi wote wanaishi sawa." Tembea mtaa wa Elmwood, wenye miti mizuri na nyumba nzuri zaidi. Mwaka 1916 Berkeley ilipanga maeneo ambamo haikuruhusiwa kujenga chochote isipokuwa nyumba ya familia moja, miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa Marekani kufanya hivyo, na kuwaweka mbali watu weusi kulikuwa sehemu ya shabaha. Baraza la mji lilipitisha azimio la kuuacha utaratibu huo mwaka 2021. Kodi za nyumba hazikusubiri azimio, na watu wanaolala nje utawaona tangu ukitoka kwenye stesheni ya treni.

People's Park, bustani iliyo karibu na chuo, ambako polisi walifyatua risasi Mei 1969 na kijana mmoja akafa, usiiweke kwenye ratiba ya kupumzika. Januari 2024 chuo kiliizungushia kontena ili kijenge hapo.

"Bangi ruksa." Kwa sheria ya California, ndiyo, kwa mwenye miaka 21, ila si kuvuta hadharani wala chuoni. Kwa sheria ya Marekani yote bado ni marufuku, na uhamiaji ni wa Marekani yote. Mwenye viza akikiri mbele ya afisa kwamba amevuta, safari ijayo anaweza kurudishwa.

Na beba sweta, hata Julai. Ukungu wa ghuba haujui kama uko California.

Ukimaliza, rudi uwanja wa Sproul utafute duara la jiwe lililolala sakafuni. Katikati pana kitundu cha udongo kipana kama kisahani, na maandishi yanasema kwamba udongo ule na anga iliyo juu yake si mali ya nchi yoyote wala haviko chini ya mamlaka ya yeyote. Wageni wangu wote wamelikanyaga kabla sijawaonyesha.